Krauni ya litiamu disiliketi imepasuka katikati baada ya miezi 14, hizo MPa 400 zimeenda wapi?

FundiTaji

Wakuu habari za kazi. Naombeni mawazo yenu maana hili jambo limenikaa kichwani tangu jana. Mimi ni fundi wa maabara ya meno, kazi yangu kubwa ni krauni (kofia za kufunika jino) na veneeri (vibamba vyembamba vya mbele ya jino) za kauri. Sasa jana daktari mmoja ninayemfanyia kazi kanirudishia krauni ya gego la kwanza la chini, ya litiamu disiliketi (kauri ya kioo yenye fuwele), imekaa mdomoni miezi 14 tu halafu imepasuka vipande viwili, ufa umepita kwenye bonde la katikati kutoka mbele mpaka nyuma, umenyooka kabisa kama sabuni iliyokatwa kwa uzi. Mgonjwa anasema hakuuma kitu kigumu wala nini, alikuwa anatafuna kawaida tu akasikia "tak" basi, akatema kipande.

Daktari anasema kazi yangu ilikuwa mbovu. Mimi nasema nilifuata maelekezo yote ya tanuru na karatasi ya mtengenezaji inasema nguvu yake ya kukunjwa ni zaidi ya MPa 400 (megapaskali, kipimo cha mkazo). Halafu nimewahi kuona kwa macho yangu krauni kama hii ikibanwa kwenye mashine ya kupimia, ikabeba zaidi ya niutoni 1,500 ndo ikaachia. Mtu akitafuna kawaida tunaongelea niutoni mia moja, mia mbili hivi kwenye magego. Sasa kitu kinachobeba 1,500 kinavunjwaje na 200? Nimesikia watu wanasema ni "uchovu", kama waya ukiukunja mara nyingi unakatika, lakini kauri haikunjiki hata kidogo, sasa inachokaje?

Nataka kuelewa kweli, sio kutafuta wa kumlaumu. Na kama jibu ni nihamie zirkonia (ile kauri nyingine yenye nguvu zaidi) kwenye magego yote niambieni tu.

Dkt_Molari

Pole sana mkuu. Kabla hatujaenda mbali, hivyo vipande usivitupe na usivikwaruze, usijaribu kuvirudisha pamoja kuona kama vinaingiliana maana kingo zikisuguana unafuta ushahidi. Vioshe taratibu, viweke kwenye kichupa na pamba.

Halafu nijibu haya, unene kwenye bonde la katikati ulikuwa milimita ngapi ilipotoka kwako na sasa ni ngapi, iligundishwa kwa rezini (gundi ya plastiki) au kwa simenti ya kawaida, na kuna mtu aliigusa na drili baada ya kutoka kwenye tanuru, iwe wewe au daktari, juu au ndani? Naomba hasa hilo la mwisho. Mimi mwenyewe daktari na nakiri sisi ndo tunazichokoza sana hizi krauni, mgonjwa anasema "naona iko juu" tunachukua drili ya almasi tunapunguza hapo hapo kitini halafu mgonjwa anaenda nyumbani bila kupigiwa polishi.

NyufaNdogo

FundiTaji swali lako ni zuri sana na nitajibu kwa urefu kwa sababu ndo kitu ninachofanyia kazi kila siku (vifaa vya kauri, sio vya meno peke yake).

Anza na hiyo namba ya MPa 400. Watu wengi wanaichukulia kama uzito mahususi, yani ukisema litiamu disiliketi basi ni 400 na kitu, kwisha. Lakini kauri inavunjika pale penye kasoro kubwa kuliko zote katika eneo linalovutwa. Mwaka 1921 A. A. Griffith, mhandisi wa Uingereza, alikuwa anashangaa kama wewe, kwamba kioo kwa hesabu ya viungo vya atomu kingetakiwa kuwa na nguvu mara nyingi zaidi ya ile inayopimwa, akaonyesha kwamba tofauti inaliwa na nyufa ndogo ambazo macho hayazioni, mkazo unajikusanya kwenye ncha ya ufa mpaka pale penyewe unazidi uwezo wa viungo. Kwa hiyo ile 400 ni nguvu ya vijiti vidogo vilivyosuguliwa na kung'arishwa vizuri, vikakunjwa kwenye maabara mpaka vikavunjika. Krauni yako haikung'arishwa kwa ndani kama kile kijiti. Ina mikwaruzo ya mashine ya kuchonga, ina vitundu, ina alama za asidi, ina kila kitu. Kiwango cha kimataifa ISO 6872 kinazipanga kauri za meno kwa nguvu ya kukunjwa, daraja la 1 kuanzia MPa 50, la 2 kuanzia 100, la 3 kuanzia 300, la 4 kuanzia 500, la 5 kuanzia 800, na mpangilio huo unasaidia kuchagua matumizi, lakini hakuna mahali unapokuahidi kwamba krauni fulani yenye umbo fulani itakuwa na nguvu hiyo.

Na hata ndani ya vijiti vyenyewe majibu yanatawanyika. Ukivunja vijiti 30 vya chuma kilekile unapata namba zinazokaribiana, ukivunja 30 vya kauri unaweza kupata 290, 350, 410, 480, kila kimoja na kasoro yake. Ndo maana tunatumia hesabu ya Weibull (yule Msweden Waloddi Weibull), ambayo inakupa namba mbili, moja ni nguvu ambayo vipande 63 hivi kati ya 100 vimeshavunjika ukifika hapo, nyingine inaitwa m, inakwambia majibu yamekusanyika au yametawanyika. Ngoja nikupigie mfano wa kubuni tu uone. Kauri A ina 400 na m ni 5. Kauri B ina 350 na m ni 15. Kwenye tangazo A inashinda. Sasa zote ziweke kwenye mkazo wa MPa 200. A zinavunjika kama 3 kati ya 100. B zinavunjika kama 2 kati ya 10,000. Fundi anayetengeneza krauni 100 kwa mwezi atamkumbuka A kila mwezi na B hatamsikia. Kwa hiyo ukisoma karatasi ya mtengenezaji usiishie kwenye wastani, tafuta m, kama haipo uliza.

Sasa uchovu. Mfano wako wa waya uko sahihi kwa waya, metali inateleza ndani kwa ndani kila ukikunja mpaka ufa unazaliwa. Kauri kwenye joto la mdomo haitelezi hivyo. Kinachotokea ni kwamba ufa tayari upo, tangu siku ya kwanza, na unakua polepole sana chini ya mkazo ambao hautoshi kuuvunja kwa mara moja. Na anayeukuza ni MAJI. Molekuli ya maji inaingia mpaka kwenye ncha ya ufa, inakuta kile kiungo cha silikoni-oksijeni-silikoni kimenyooshwa na mkazo, inakikata, ufa unasogea hatua moja ya atomu, maji yanaingia tena. Mdomoni kuna mate masaa 24, na hata chini ya krauni kuna unyevu unaotoka kwenye vijitundu vya dentini (sehemu ya jino iliyo chini ya krauni) na kupita kwenye simenti, kwa hiyo usifikiri upande wa ndani ni mkavu.

Hapa sasa ndo penye uchungu wenyewe. Kasi ya ufa inafuata mkazo uliopandishwa kipeo n, na kwa kauri nyingi zenye kioo n iko kati ya 15 na 30 hivi. Chukua 20. Maana yake ukipunguza mkazo kwa asilimia 10 tu, maisha yanaongezeka mara 8. Ukiupunguza nusu maisha yanaongezeka mara 2 kipeo cha 20, yani zaidi ya mara milioni moja. Na ukigeuza upande wa pili ni hivyohivyo, kosa dogo linakula miaka.

Sasa weka unene. Bamba likikunjwa, mkazo unafuata kinyume cha unene ulioinuliwa kipeo cha pili. Krauni ya milimita 1.5 ikipunguzwa ikawa 1.4, mkazo unapanda kama asilimia 15. Inaonekana sio kitu, si ndiyo? Sasa ipandishe kipeo cha 20, unapata kama 16. Milimita 0.1, maisha mara 16 pungufu. Krauni halisi sio bamba kamili, umbo lake na gundi vinabadilisha hesabu, lakini mwelekeo ndo huo huo. Ndo maana swali la Dkt_Molari kuhusu unene ni la kwanza kabisa.

FundiTaji

Aisee. Hii ya mara 16 nimeisoma mara tatu. Miaka yote hii milimita 0.1 naiona kama kitu cha kupotezea. Dokta nitapima vipande leo jioni nirudi na majibu. Lakini NyufaNdogo bado hujanijibu ile ya niutoni 1,500, mbona kwenye mashine inabeba?

NyufaNdogo

Nilisahau, samahani. Ile mashine ulioiona nadhani ilikuwa na kichwa cha chuma cha mviringo kinashuka juu ya krauni, kikavu, mara moja, sekunde kadhaa imeisha? Kwanza hapo maji hayakupata muda. Pili kile chuma kigumu kinagusa eneo dogo sana, kinachimba pale pale juu kinaanzisha ufa wa umbo la koni chini ya mguso, krauni inapondeka kutokea juu. Mdomoni haivunjiki hivyo. J. Robert Kelly aliandika makala mwaka 1999 inayoeleza hili vizuri, kwamba krauni zilizovunjika kwa wagonjwa ukiziangalia chimbuko la ufa mara nyingi liko ndani, upande uliogundishwa, kwa mizigo midogo, wakati zile za mashine zinapondeka juu kwa mizigo mikubwa ambayo hakuna mtu anaiuma. Yani tulikuwa tunapima kitu kingine kabisa halafu tunajipongeza.

Kwanini ndani? Kwa sababu krauni iko juu ya dentini ambayo ni laini ukilinganisha. Litiamu disiliketi ugumu wake wa kutokunjika ni kama gigapaskali 95, dentini ni 18 hivi, simenti ya rezini chini ya hapo. Ukibonyeza juu, dentini na simenti vinazama kidogo, krauni inakunjika kuelekea chini, uso wa juu unabanwa na uso wa ndani unavutwa. Na kauri kubanwa inavumilia sana, kuvutwa ndo inapofia. Kwa hiyo kasoro iliyo ndani ya krauni, pale chini ya bonde, hata ikiwa ndogo kuliko ya juu, ndo inayoshinda.

BiTanuru

Wanangu nawasalimu. Nimekaa kwenye hii kazi tangu enzi za poseleni juu ya chuma, nisome kwanza halafu mniambie kama nimekosea.

Haya aliyosema NyufaNdogo kuhusu ndani, mimi nilijifunza kwa mkono kabla sijasikia hesabu yoyote. Kuna kipindi nilikuwa na krauni zinarudi, sio nyingi, lakini zinarudi, zote za magego, zote zimekatika katikati kama hiyo yako. Nikabadilisha tanuru, nikabadilisha vibonge, wapi. Siku moja nikakaa nikajitazama mimi mwenyewe ninavyofanya kazi. Krauni ikitoka, naipeleka kwenye kielelezo cha jino, haikai vizuri, napaka rangi ndani naona pametia alama, nachukua drili ya almasi ile nyembamba nagusa pale palipotia alama, kavu, bila maji, kwa kasi, "kri kri", cheche nyekundu kabisa naziona. Inakaa. Nafurahi. Na hiyo alama inakuwaga wapi? Pembeni ya juu ya jino, pale pembe inapogeukia bonde. Yani nilikuwa nachora ufa kwa mkono wangu pale pale krauni inapovutwa zaidi, halafu namkabidhi daktari.

Niliacha. Sasa hivi krauni ikikataa kukaa narudi kwenye skani au kwenye kielelezo naongeza nafasi ya simenti, nachonga nyingine. Kama ni lazima kugusa basi kabla ya kuivisha, ile hali ya zambarau au buluu wakati bado laini, nguvu yake pale ni kama MPa 130 tu lakini ukishaipitisha kwenye joto la nyuzi 840, 850 fuwele zinakua na mikwaruzo midogo mingine inajifunika. Baada ya hapo, drili yenye chembe laini, maji, mkono mwepesi, na juu lazima polishi ya hatua zote, usiruke mpira wa kati.

Na nyie mnaopiga mchanga ndani ya litiamu disiliketi ili "ishike vizuri", acheni. Hiyo ni kazi ya asidi. Haidrofloriki asilimia 5, sekunde 20, oshea, saileni (kimiminika cha kuunganisha kauri na rezini), basi. Asidi inakula kioo inaacha fuwele zimesimama, rezini inaingia inaziba hata vile vinyufa. Mchanga unapiga na kuacha majeraha.

Dkt_Molari

Bi Tanuru shikamoo, na asante kwa kuongea wazi. Hilo la rezini kuziba kasoro ni la kweli na ndo sababu litiamu disiliketi iliyogundishwa kwa rezini baada ya asidi na saileni inavumilia kuliko iliyokalishwa kwa simenti ya kawaida. Gundi inaingia kwenye kasoro, inahamisha mzigo kwenda kwenye jino, krauni haikunjiki peke yake. Watengenezaji wengi wanataka milimita 1.5 kwenye gego kwa simenti ya kawaida, wengine wanaruhusu 1.0 lakini kwa sharti la kugundisha kwa rezini. Daktari akisoma "1.0 inaruhusiwa" halafu akatumia simenti ya kawaida amechukua nusu ya maelekezo.

mwanafunzi_mwaka4

Samahani wakuu naingilia. Sisi tuna utafiti wa mwisho wa mwaka na tumeambiwa tupige mizunguko 1,200,000 kwenye mashine ya kutafuna, niutoni 50, kwa sababu ni sawa na miaka 5 mdomoni. Krauni zetu ZOTE zimepona. Je tunaweza kuandika kwamba zina maisha ya angalau miaka 5?

NyufaNdogo

Karibu mdogo wangu, usiombe samahani. Jibu langu ni usiandike hivyo.

Ile 1,200,000 kwa miaka 5 ni mazoea, watu wamekubaliana wakaendelea, haimaanishi mdomo wa mtu yeyote. Kuna wanaotafuna kwa nguvu ndogo siku nzima na kuna wanaosaga meno usiku mmoja kwa nguvu kuliko wiki nzima ya kula. Halafu fikiria kipeo kile cha 20. Kama mgonjwa anafika niutoni 200 mara chache kwa siku, zile mara chache zinaharibu kuliko malaki ya 50, kwa sababu mara 4 ya mkazo kipeo cha 20 ni namba ambayo hata kuiandika inachosha. Kwa hiyo kupona zote kwa 50 kunakwambia tu kwamba 50 ni ndogo mno kwa krauni hizo. Haukupima chochote kuhusu mwisho wake.

Ukitaka kujua kitu fanya hivi, chukua kundi, anza na mzigo unaokadiria, ikipona mizunguko uliyopanga inayofuata unaongeza hatua moja, ikivunjika inayofuata unashusha hatua moja, unapanda na kushuka kama ngazi mpaka unapata mzigo ambao nusu zinapona. Au panda hatua kwa hatua kwenye krauni ileile mpaka iachie. Vyote viwe ndani ya maji. Na angalia kasi ya mashine, ukipiga mizunguko 20 kwa sekunde ili umalize haraka, mizunguko inakamilika lakini maji yamepewa muda mfupi kuliko mdomoni ambapo mtu anatafuna mara moja au mbili kwa sekunde. Kwenye kauri za kioo muda chini ya mkazo unahesabika sana. Kwenye zile zenye fuwele zilizosukana au zirkonia kuna la ziada, kule kupanda na kushuka kwenyewe kunasaga zile fuwele zinazoshikilia ufa kwa nyuma, kwa hiyo zinapoteza ngao yao kwa mizunguko hata kama muda ni mfupi. Na kichwa cha kubonyezea kisiwe chuma kigumu, weka kitu laini kidogo au kilale vizuri kwenye vilima vya jino, usije ukapata zile koni za juu.

Na mwisho zivunje, uzitazame kwenye hadubini, uandike ufa ulianzia wapi. Utafiti usiosema chimbuko la ufa liko wapi mimi huwa nausoma nusu.

KaziNiZirkonia

Mnajichosha bure wazee, weka zirkonia MPa 1,000 na kitu lala usingizi. Mimi mwaka wa nne sasa sijarudishiwa gego.

NyufaNdogo

Nakubali kwa sehemu kubwa, kwa gego la mtu anayesaga meno mimi pia ningechagua zirkonia. Lakini uliza ni zirkonia ipi. Ile ya zamani yenye itiria (oksidi inayochanganywa kwenye zirkonia) asilimia 3 (kwa moli) ndo yenye MPa 900 mpaka 1,200. Siri yake ni kwamba fuwele zake zimeshikiliwa katika umbo ambalo kwa kawaida lipo kwenye joto la juu ya nyuzi 1,170, ufa ukikaribia zinageuka na kuvimba kama asilimia 4 na huko kuvimba kunabana ufa usiendelee. Garvie, Hannink na Pascoe waliandika hilo kwenye jarida la Nature mwaka 1975 wakaiita chuma cha kauri, kwa alama ya kuuliza. Sasa hizi mpya zinazopitisha mwanga, za itiria asilimia 5, sehemu kubwa ya fuwele zake haziwezi kugeuka, kwa hiyo uzuri umeongezeka na ule ujanja wa kubana ufa umepotea kwa kiasi kikubwa. Nguvu inashuka hadi kwenye 500, 600 hivi na uwezo wa kuzuia ufa unakaribia wa litiamu disiliketi. Mtu ananunua kibonge kilichoandikwa zirkonia anachonga milimita 0.6 kwenye gego akidhani ana ile ya zamani, hapo lazima tugombane.

Na zirkonia nayo maji yanaipata, kwa njia yake. Uso wake unaweza kuanza kugeuka wenyewe kwa unyevu bila ufa wowote, taratibu, ndo maana inajaribiwa kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wenye presha) nyuzi 134. Mwaka 2001 vichwa vya nyonga bandia vya zirkonia vilivunjika ndani ya wagonjwa kwa wingi usio wa kawaida baada ya namna ya kuviivisha tanuruni kubadilishwa, vikaondolewa sokoni. Badiliko la tanuru tu. Kwa hiyo mkuu endelea na zirkonia lakini heshimu joto na muda ulioandikwa.

BiTanuru

Naongezea, zirkonia yenye poseleni juu bado inabanduka vipande ukiipoza haraka. Zirkonia inapitisha joto taratibu sana, nje kumepoa ndani bado kuna moto, poseleni inabaki na mkazo ndani yake inasubiri siku. Fungua tanuru taratibu kwenye uchomaji wa mwisho.

FundiTaji

Wakuu nimerudi. Nimepima kwa kalipa. Kwenye faili yangu bonde la katikati lilikuwa 1.5. Sasa vipande vinasoma 1.1 na sehemu moja 0.9. Nikampigia daktari kwa upole, akasema ndiyo, baada ya kugundisha mgonjwa alilalamika iko juu akapunguza, polishi alipiga "kidogo". Iligundishwa kwa simenti ya kawaida.

Nikaenda kwa rafiki mwenye hadubini. Uso wa mpasuko ukiuangalia na taa imelala pembeni unaona mistari imetanuka kama mbavu za feni, nikaifuata kinyume nyuma inakotokea, na kuna mistari mingine imepinda kama mawimbi, upande wake wa ndani umeangalia hukohuko. Vyote vinanipeleka upande wa ndani wa krauni, chini ya pale penye 0.9. Na pale kuna mkwaruzo. Mrefu, umenyooka, hauna umbo la kuchonga kwa mashine. Bi Tanuru ni mimi. Nakumbuka hiyo krauni ilikataa kukaa nikagusa ndani. Kwenye ukingo wa juu upande wa pili kuna kijimdomo kimejikunja.

NyufaNdogo

Hongera kwa kazi nzuri, umesoma vizuri kabisa. Hicho kijimdomo kilichojikunja juu ni pale ufa ulipomalizia, upande uliokuwa unabanwa, kwa hiyo kinakubaliana na chimbuko la ndani. Mkwaruzo ulikuwepo siku ya kwanza, kwenye 1.5 pengine ungekaa miaka mingi bila kusema kitu. Kutoka 1.5 kwenda 0.9 mkazo umepanda karibu mara 2.8, halafu hakukuwa na rezini ya kuushikilia, maji yakamalizia ndani ya miezi 14.

Dkt_Molari

FundiTaji mwonyeshe daktari picha zote mbili, ya mkwaruzo kwenye hadubini na ya vipimo vya kalipa, mkae pamoja. Krauni mpya mwombe apunguze jino lenyewe apate nafasi ya 1.5 kamili, ajaribu mwumano kabla ya kugundisha kwa kishikizo laini cha majaribio ili ikihitaji kupunguzwa irudi kwako uipige polishi na glezi (tabaka la kung'arisha), halafu igundishwe kwa rezini. Na amuulize mgonjwa kama anaamka asubuhi taya zinauma, maana huenda anasaga meno usiku.

FundiTaji

Ameshakubali, tunakutana Jumatano. Taya zinauma ndiyo, mgonjwa kasema hivyo leo, hakuna aliyewahi kumuuliza. Nadhani hii ya sasa nitaomba iwe zirkonia ya itiria 3 na kinga ya usiku. Drili ya ndani nimeitoa kwenye meza.

BiTanuru

Usiitupe mwanangu, iandikie "plasta tu".